Waini ya bei chee na jinsi ya kuinywa ikanoga

Hii ni kwa mnywaji wa kawaida, yule anayetaka glasi moja au mbili na msosi wa jioni basi, sio yule anayenunua chupa ya kuweka stoo miaka 20 ili ikomae. Na niseme mapema ninachoamini: waini ya bei chee ikikuangusha, mara nyingi tatizo sio bei. Umeinywa ikiwa ya moto, au imekaa wazi tangu juzi, au umechukua aina ambayo kwa hela ile haiwezi kuwa nzuri hata ungefanyaje. Hayo matatu yanarekebishika bila kuongeza hata senti.

Kuhusu bei yenyewe, macho yanatudanganya sana. Mwaka 2001 yalichapishwa majaribio ya kule Bordeaux, Ufaransa, wanafunzi 54 wanaosomea mambo ya waini walipewa waini nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaielezea kwa maneno yale yale wanayoelezea waini nyekundu, kumbe nyeupe ile ile. Halafu 2008 Robin Goldstein na wenzake wakatoa matokeo ya majaribio zaidi ya 6,000 ya kuonja bila kuona lebo wala bei, ikaonekana watu wasio na mafunzo ya kuonja kwa wastani hawazifurahii zaidi zile za bei kubwa, tena walizipenda pungufu kidogo. Kwa hiyo ukiipenda ya bei ya chini hauna mdomo mbovu, uko na wengi.

Ila kuna kitu kimoja ambacho ni hesabu tu. Kwenye chupa ya bei ya chini kabisa kuna kioo, kizibo, lebo, usafiri, kodi na faida ya muuza duka, na gharama kama za kioo na usafiri hazitofautiani sana kati ya chupa ya chini kabisa na ile ya hatua moja juu yake. Maana yake kwenye ile ya chini kabisa hela inayobaki kwa ajili ya waini yenyewe ni kiduchu mno, na ukipanda hatua moja tu sehemu kubwa ya nyongeza inaingia kwenye kinywaji. Ukiendelea kupanda faida inapungua, unaanza kulipia jina na umaarufu. Mi nasimama hatua ya pili au ya tatu kutoka chini, hapo ndo kuna raha ya kweli kwa mtu wa kila siku.

Chukua nini, acha nini

Kanuni ni rahisi, fuata zabibu na sehemu ambazo hazina majina makubwa, zenye jua la kutosha na mashamba ya gharama nafuu. Nyeupe ya kuanzia kwangu ni Chenin Blanc ya Afrika Kusini, ndo zabibu iliyopandwa kwa wingi kuliko zote kule kwa hiyo ipo nyingi na haipigwi bei, ina uchachu mzuri na haina makeke. Ukitaka kitu chepesi cha mchana wa joto kuna Vinho Verde ya kaskazini mwa Ureno, mara nyingi ina kakigesi kwa mbali na kilevi chake kiko chini, nyingi hazifiki hata asilimia 12. Muscadet ya Ufaransa nayo wengi wanaipita kwenye shelfu kwa sababu haina mbwembwe, lakini ukiwa na samaki we ichukue tu utanishukuru.

Nyekundu ziko nyingi. Malbec ya Mendoza kule Ajentina ni laini na imejaa, ngumu kuikosea. Garnacha ya Hispania hasa sehemu kama Campo de Borja na Calatayud inakupa tunda na joto kwa hela ndogo. Montepulciano d'Abruzzo ya Italia ni waini ya mezani hasa, unakula unakunywa hauiwazi sana. Na Carménère ya Chile, hii ina stori yake, wakulima wa kule kwa miaka mingi waliiuza kama Merlot mpaka 1994 mtaalamu wa mizabibu Mfaransa anaitwa Jean-Michel Boursiquot alipoiangalia shambani akawaambia jamani hii sio Merlot, hii ni Carménère, zabibu ambayo Ufaransa ilikuwa imekaribia kupotea kabisa baada ya wadudu kushambulia mizabibu karne ya 19. Ina harufu fulani ya pilipili hoho mbichi, kuna wanaoichukia, mi naipenda na nyama ya kuchoma.

Za kuacha kwenye bei ya chini: Pinot Noir. Sio mbaya, ila ni zabibu yenye ngozi nyembamba, inasumbua shambani, kuilima vizuri kuna gharama, sasa ukiikuta ya bei ya kutupa jiulize wamepunguzia wapi. Na Champagne ya bei chee usihangaike nayo, kwa sheria yake lazima ikae angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa na zabibu za kule ni ghali, haiwezi kuwa rahisi na nzuri kwa wakati mmoja. Chukua Cava ya Hispania au Crémant ya Ufaransa, zinatengenezwa kwa njia ile ile ya gesi kujitengeneza ndani ya chupa, hela inayobaki inunue chupa nyingine.

Boksi je? Usilidharau. Lilibuniwa Australia na Thomas Angove mwaka 1965, na siri yake ni ule mfuko wa ndani unaosinyaa kadiri unavyomimina kwa hiyo hewa haiingii, likishafunguliwa linakaa vizuri wiki 4 mpaka 6 kwenye friji. Kwa mtu anayekunywa glasi moja kwa siku hakuna kitu kinachomfaa kama boksi, maana chupa akiifungua Jumatatu ikifika Ijumaa ameshaipoteza. Ila usilinunue ukalihifadhi mwaka mzima, mfuko sio kioo, hewa inapenya polepole, angalia tarehe ya chini.

Kwenye lebo angalia mambo machache tu. Mwaka wa mavuno, kwa nyeupe na ya pinki za bei chee chukua ya karibuni kabisa, mwaka mmoja au miwili nyuma, hazijatengenezwa kusubiri. Kumbuka kule kusini mwa dunia wanavuna kuanzia Februari mpaka Aprili hivi na kaskazini Septemba Oktoba, kwa hiyo chupa za mwaka mmoja ile ya kusini ina miezi sita zaidi. Halafu asilimia ya kilevi, hii inakuambia mengi: nyeupe yenye asilimia 5 mpaka 8 karibu kila mara ni tamu kwa sababu sukari haijageuka yote kuwa kilevi, na nyekundu ya 14.5 jiandae na joto la koo.

Neno Reserva lisikubabaishe. Rioja kule Hispania lina sheria, nyekundu ya Reserva lazima iwe imekaa miaka 3 na angalau mmoja kati ya hiyo kwenye pipa la mwaloni, lakini Marekani wakiandika Reserve halina maana yoyote kisheria, anaandika anayetaka. Na kwenye za gesi kuna mtego ambao umenasa wengi: Extra Dry sio kavu (yaani isiyo na utamu) kuliko Brut, ni tamu zaidi, Brut inaishia gramu 12 za sukari kwa lita na Extra Dry inaanzia 12 kwenda 17. Nani alipanga hivi sijui alikuwa na nia gani. Chupa nzito yenye tako la kuzama ndani nayo haina maana yoyote zaidi ya kwamba umelipia kioo. Kifuniko cha kuzungusha nacho sio alama ya umaskini, Australia na New Zealand wanafunga nacho hata chupa zao za maana, na kinakuepusha na kizibo kilichooza ambacho nitakigusia mbele.

Ubaridi, hapa ndo penyewe

Kama utasoma sehemu moja tu soma hii. Ile kauli ya kwamba nyekundu inywewe kwa joto la chumba ilitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya za zamani ambapo chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 18, sio sebule yenye nyuzi 28. Waini nyekundu ikiwa na nyuzi 28 kilevi kinapanda puani kabla ya tunda, inakuwa nzito kama dawa ya kikohozi, na ya bei chee ndo inaumbuka zaidi kwa sababu haina kitu kingine cha kujifichia. Iweke kwenye friji dakika 30 kabla ya kunywa. Ndio, nyekundu, kwenye friji. Zile nzito zenye ukakasi zinapendeza nyuzi 16 mpaka 18, nyepesi kama Beaujolais ya Ufaransa au Garnacha changa unaweza kushuka mpaka 13 hivi, ila nzito usiigandishe kwa sababu baridi inaongeza ukakasi, utahisi kama unatafuna ganda la ndizi mbichi.

Nyeupe ni kinyume, wengi wanainywa ikiwa ya baridi kupita kiasi. Friji ya kawaida ina kama nyuzi 4 na hapo harufu yote imelala, itoe dakika 15 kabla, ifike 8 mpaka 12. Sasa hapa kuna ujanja ambao wataalamu hawapendi kuusema kwa sauti: kama umeionja nyeupe na ukaona ni mbovu, irudishe iwe ya baridi kabisa, baridi inaficha kasoro vile vile inavyoficha uzuri, na chupa itaisha.

Ukiwa na haraka usiiweke kwenye friza ukaisahau ikapasuka. Chukua ndoo, weka barafu, jaza maji, tupia viganja viwili vitatu vya chumvi. Maji ni ya lazima kwa sababu barafu peke yake inagusa chupa sehemu chache tu na katikati kuna hewa, na chumvi inafanya maji yashuke chini ya sifuri bila kuganda. Zamisha mpaka shingoni, izungushe mara moja moja, dakika 15 umemaliza.

Kama huamini fanya hivi leo leo: chupa moja ya nyekundu, mimina glasi mbili, moja iache mezani nyingine ifunike iweke kwenye friji nusu saa, halafu onja kwa kubadilishana. Mpe na mtu asiyejua ni chupa moja, muulize ipi ya bei kubwa.

Kuonja bila kujifanya

Huna haja ya kusema unasikia harufu ya ngozi ya tandiko na matunda ya msituni. Unahitaji kujua vitu vinne ili siku nyingine ujue kununua. Mimina theluthi ya glasi tu, zungusha kidogo, nusa, piga funda la kujaza ulimi, lishike sekunde kadhaa, lizungushe mpaka kwenye fizi, ndo umeze. Sukari utaisikia mwanzoni, ila chunga, harufu ya matunda inakudanganya udhani ni tamu wakati ni kavu kabisa, hapo ziba pua kwa vidole onja tena, utamu wa kweli utabaki na wa harufu utapotea. Uchachu unaupima kwa mate, ukimeza mdomo ukajaa mate pembeni mwa ulimi basi upo mwingi. Ukakasi ni ule unaokausha fizi na mashavu kwa ndani, unatoka kwenye maganda ya zabibu na kokwa, ndo maana nyeupe nyingi hazina. Na kilevi ni joto linaloshuka kooni.

Ukishajua hivyo ukifika dukani hausemi tena nipe waini nzuri, unasema nataka nyekundu kavu isiyo na ukakasi mwingi, au nyeupe yenye uchachu, na muuzaji anayejua kazi yake atakupeleka moja kwa moja. Piga na picha lebo za zile ulizozipenda, kichwa hakikumbuki.

Glasi isikusumbue sana, yoyote inayojibana juu inatosha kwa sababu inakusanya harufu, ya maji pia inafaa. Muhimu isiwe na harufu ya sabuni wala ya kabati, isuuze kwa maji matupu, kisha itie tone la waini, izungushe, umwage. Na kwenye kufungua ile ya gesi, tafadhali, ndani kuna mgandamizo wa kama mara 5 au 6 ya hewa ya kawaida, usielekeze kwa mtu. Iwe ya baridi, legeza waya kwa kuuzungusha nusu mzunguko mara sita, kidole gumba kisitoke juu ya kizibo, inamisha chupa, shika kizibo imara halafu unazungusha chupa sio kizibo, kitoke kwa kupumua tu. Ile milio ya kurusha kizibo ni kumwaga hela.

Na chakula

Nyama yenye mafuta inapunguza ukakasi wa nyekundu, protini na tanini (zile zinazoleta ukakasi) zinashikana kabla hazijafika kwenye fizi zako, kwa hiyo nyekundu kali ya bei chee ambayo peke yake hainyweki ikikaa na nyama inakuwa mtu mwingine. Chumvi nayo inailainisha. Samaki na baadhi ya nyekundu huacha ladha ya chuma mdomoni, na sababu ni madini ya chuma yaliyomo kwenye waini yenyewe. Vya kukaanga vinapenda uchachu na gesi, Cava na viazi vya kukaanga ni starehe isiyopewa sifa inayostahili.

Pilipili ndo wengi wanakosea, wanachukua nyekundu ya kilevi kikubwa wakidhani kali kwa kali, kumbe kilevi kinawasha moto juu ya moto. Chukua yenye kilevi kidogo na utamu kidogo. Na kitu kitamu kama keki kinaifanya waini kavu ionekane kama ndimu, waini lazima iwe tamu sawa na chakula au kuzidi, la sivyo kula keki yako unywe waini baadaye.

Imebaki, imeharibika, au haikupendeza

Iliyobaki adui yake ni hewa na joto, kwa hiyo funga fasta, weka kwenye friji hata kama ni nyekundu. Nyeupe siku 3 mpaka 5, nyekundu siku 3 mpaka 4 hivi, ya gesi siku moja mbili na kizibo chake maalumu, kile kijiko kinachoning'inizwa shingoni hakifanyi kitu. Njia bora kuliko pampu zote ninazozijua haina gharama: unayo chupa ndogo safi yenye kifuniko? Ukijua mapema hautamaliza, mimina nusu humo mara tu unapofungua, ijaze mpaka mdomoni kusiwe na hewa, funga. Itakaa wiki nzima bila kulalamika.

Ikinuka kadibodi iliyolowana au stoo yenye ukungu, hicho ndo kile kizibo kilichooza nilichokitaja, ni kemikali inaitwa TCA, haidhuru mwili lakini haiponi pia, irudishe dukani ni haki yako. Ikinuka yai viza mara nyingi inapona, imimine kwenye jagi kwa fujo, rudisha, mimina tena, subiri dakika 20. Ikinuka siki au rangi ya kucha, hiyo imeshaenda. Vipande kama chumvi chini ya nyeupe ni fuwele za zabibu zenyewe, salama kabisa, usimwage.

Na isiyopendeza usimwage pia. Nyekundu nusu kwa nusu na kola na barafu, wenyewe Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania, wanaiita kalimotxo na wanainywa kwenye sherehe zao bila aibu. Nyeupe ongezea maji ya soda, Wajerumani wanakunywa hivyo siku zote. Iliyobaki kiduchu igandishe kwenye trei ya barafu, vipande viwili kwenye mchuzi wa nyama vinatosha, viache vichemke vizuri. Kuweka barafu kwenye glasi siku ya joto pia ruksa, hakuna polisi.

Kwenye kiasi nitasema kifupi, chupa ya mililita 750 ni glasi 5 za mililita 150, na glasi moja ya namna hiyo ya asilimia 13 ina kama gramu 15 za kilevi. Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya, kwa hiyo zile habari za nyekundu ni dawa ya moyo usizitumie kujihalalishia. Glasi ya maji kati ya glasi mbili, shiba kwanza, ukiendesha au ukiwa mjamzito acha kabisa.

Ukitaka kujua ya kwako ni ipi, ita wenzako watatu wanne, kila mmoja aje na chupa ya zabibu ile ile kwa bei tofauti, mtu mmoja achukue na ya boksi aimimine kwenye chupa tupu. Zivalishe soksi au karatasi ziandike namba, zote zipoe sawa maana ukikosea hapo unapima ubaridi, na kila mtu aandike alama zake kimya kimya kabla hajasikia za mwenzake, yule mwenye sauti kubwa ndo huwa anaharibu mchezo. Soksi zivuliwe mwisho kabisa, baada ya kila mtu kuandika pia bei anayoikisia.